Waridi la Damu ya Mzee Katika Bustani Ndogo ya Uingereza

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Nawashukuru nyote kwa kufika, hasa mliokuja na watoto kwenye baridi hii.

Wengi wenu hapa Uingereza mna kipande cha ardhi mbele ya nyumba au nyuma ya jiko, pengine mita nne kwa tano, pengine chini ya hapo. Na kila msimu swali ni lilelile: nipande waridi gani jekundu ambalo litanukia kweli? Nitajibu kwa mwaridi mmoja, Munstead Wood, na mingine nitaitaja pale tu inaposaidia kuueleza huu. Naomba mnishike kwa neno moja. Mwaridi wa rangi ya damu ya mzee ukidhoofika bustanini, lawama hupewa aina yenyewe, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye mahali ulipowekwa na shimo ulilochimbiwa. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mahali na shimo. Kupogoa nitakupitia haraka, maana watu hukuogopa kuliko kunavyostahili.

Tuanze na dukani. Mawaridi mekundu mnayoyaona Februari, mengi hutoka Kenya, kwenye mashamba ya Naivasha na kwingineko. Ni kazi ya mikono yenye ujuzi mkubwa, na sipendi kuisikia ikidharauliwa. Lakini ua la kukatwa limechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili lidumu ndani ya chombo, shina liwe refu na linyooke, na petali zistahimili safari ya ndege. Harufu haikuwa kwenye mahitaji hayo, ikapotea njiani. Mwaridi wa bustani umezalishwa kwa kipimo kingine: haujali kama ua linakaa siku nne tu, mradi siku hizo nne linukie.

Munstead Wood ulizalishwa na David Austin, mzalishaji wa mawaridi wa Shropshire aliyefariki mwaka 2018, ukaanza kuuzwa mwaka 2007. Jina ni la nyumba na bustani ya Gertrude Jekyll huko Surrey, yule mama wa bustani aliyefariki mwaka 1932 na ambaye mipango yake ya maua bado inafuatwa mpaka leo. Mmea ni kichaka kifupi, sentimita 90 kwenda juu na 75 kwa upana, wenye miiba ya kutosha. Majani machanga hutoka na rangi ya shaba kisha hugeuka kijani. Tumba likianza kufunguka huwa na wekundu wa kawaida. Likishafunguka, petali za katikati ndizo hubeba ule wekundu mzito wa mahameli, na za nje hubaki nyepesi kidogo. Harufu ni ya waridi la kale, nzito, na ndani yake kuna matunda meusi. Waingereza husema beri nyeusi na plamu. Mwenye pua ya pwani atasema zambarau zilizoiva.

Rangi na harufu hizi zina asili mbili. Ulaya ilikuwa na mawaridi ya jamii ya Rosa gallica, yenye wekundu wa kukolea na harufu nzuri, lakini yanachanua mara moja tu kwa mwaka, Juni, basi. Tuscany Superb ni mfano wake mzuri na unauzwa mpaka leo. Mwishoni mwa karne ya 18 ikaingia Uingereza miwaridi kutoka China, ukiwemo ule ulioitwa Slater's Crimson China, midogo ya umbo lakini inachanua tena na tena, na wekundu wake ni wekundu hasa. Wazao wa machanganyiko hayo ndio waliotupa waridi jekundu la kunukia linaloanza Juni na kurudi kwa awamu hadi Oktoba. Mkiona petali za ua kuukuu zinageuka zambarau, msiogope ugonjwa. Ua linapozeeka, asidi ndani ya chembe zake hupungua, na rangi hufuata.

Sasa mahali. Wekundu mzito ni rangi inayojificha. Ukiwa mita kumi, waridi hili halionekani kama ua. Linaonekana kama tundu la giza kwenye majani. Jioni ni zaidi, kwa sababu mwanga ukififia jicho la binadamu hupoteza nyekundu kabla ya rangi nyingine, na ua linakuwa jeusi wakati jirani yake mweupe bado anang'aa. Anayeupanda mwisho wa bustani, akitarajia kuuangalia kutoka dirishani, amejinyima. Uweke pale mtu anapopita au anapokaa: kando ya njia ya kuingilia nyumbani, mkono mmoja kutoka kwenye benchi, usawa ambao mtu akiinama kidogo pua inafika. Kwa mmea wa sentimita 90, sentimita 60 kutoka ukingo wa njia zinatosha ili miiba isishike nguo za wapitao.

Msiuegemeze kwenye ukuta wa matofali mekundu. Nyumba nyingi za hapa zina matofali hayo, na wekundu juu ya wekundu hupotea kabisa. Kuna sababu ya pili, nayo ni kubwa zaidi: chini ya ukuta mvua haifiki vizuri, na msingi wa nyumba hunyonya unyevu. Udongo wa hapo unaweza kuwa mkavu hata wiki yenye mvua. Kama huna mahali pengine, panda angalau sentimita 45 kutoka ukutani, na ujue kwamba utamwagilia wewe, si mvua.

Kinachoufanya uonekane ni majirani wa rangi ya kijivu na fedha. Jekyll mwenyewe alipenda sana majani ya kijivu kwenye kingo zake, na hapa busara yake inafanya kazi moja kwa moja. Lavenda iitwayo Munstead, fupi, ya sentimita 45 hivi, ni mwenza wa asili. Stachys byzantina, lile jani laini la manyoya meupe, huwaka chini ya waridi kama taa. Nepeta na jerania za kudumu zenye maua ya buluu nazo zinafaa. Lakini acheni duara tupu la sentimita 40 kuzunguka shina la mwaridi. Bustani ya kijijini ya Kiingereza huvutia kwa kubanana kwake, na mwanzoni mtu hutaka kubananisha kila kitu. Mwaridi uliozibwa shingoni haupati hewa, majani yake hayakauki baada ya mvua, na yale yanayoanguka yanajificha chini ya lavenda usiyaone. Hapo ndipo ugonjwa unapolala majira yote ya baridi.

Jua: unataka saa nne au tano za jua la moja kwa moja, na bora ziwe za asubuhi. Petali nyeusi hunyonya joto kuliko nyeupe, na kwenye wiki za joto kali, ambazo sasa tunazipata karibu kila kiangazi, ua lililo upande wa magharibi huungua kingo kufikia saa tisa alasiri. Kingo zinakuwa kahawia na kukauka kama karatasi. Kuna mwaridi wa zamani wa rangi hii, Souvenir du Docteur Jamain wa mwaka 1865, ambao sifa yake ya kuungua inajulikana kiasi kwamba wakulima huuweka ukutani penye kivuli kwa makusudi. Munstead Wood si dhaifu kiasi hicho, lakini mkipewa kuchagua kati ya mashariki na magharibi, chagueni mashariki.

Tuje kwenye shimo, na hapa naomba utulivu.

Swali la kwanza si shimo lina ukubwa gani, ni nini kilichokuwepo hapo kabla. Kama palikuwa na mwaridi mwingine kwa miaka kadhaa, usipande mwaridi mpya kwenye udongo uleule. Mche mpya hudumaa, mizizi yake haisambai, na mwenyewe anadhani ameuziwa mche mbovu. Ni uchovu wa udongo unaoletwa na vijidudu vilivyozoea mizizi ya jamii hiyo. Ama sogea mahali pengine, ama toa udongo wa kina na upana wa sentimita 50 na ubadilishane na udongo wa bustani ya mboga. Ule uliotolewa hauna tatizo kwa mboga, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Muda bora ni kati ya Novemba na Machi, mche ukiwa usingizini na unauzwa mizizi mitupu, bila chungu. Ni rahisi kwa bei na hushika vizuri. Wa kwenye chungu unaweza kupandwa wakati wowote ardhi haijaganda, lakini ukiupanda Julai jiandae kumwagilia bila kukosa. Mche wa mizizi mitupu uloweke kwenye ndoo ya maji kwa saa mbili kabla ya kupanda. Usiku kucha si vibaya, siku nyingi ni vibaya.

Chimba sentimita 40 kwa upana na 40 kwa kina. Udongo wa maeneo mengi ya hapa ni mfinyanzi mzito, na beleshi likikata mfinyanzi uliolowa, kuta za shimo hulainika na kung'aa kama chungu kilichopigwa msasa. Maji yatasimama humo na mizizi itazunguka ndani isitoke. Chukueni uma wa kulimia mzikwaruze kuta, kisha muuzamishe chini ya shimo na kuutikisa ili sakafu ipasuke. Kazi hii ni ya dakika tano na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Changanya nusu ndoo ya samadi iliyooza kabisa, au mboji, na udongo uliotoka shimoni. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Mbolea ya chumvichumvi msiweke shimoni kwa sababu hiyohiyo. Unga wa maikoraiza, wale kuvu rafiki wa mizizi, kama mnautumia, unyunyizwe moja kwa moja juu ya mizizi yenye unyevu. Ukiumwaga tu ndani ya shimo hauna kazi, kwani lazima ugusane na mzizi.

Miche hii imebebeshwa: juu ni Munstead Wood, chini ni mizizi ya mwaridi mwingine, na hapa Uingereza mara nyingi ni ule uitwao Laxa. Kifundo walipounganishwa kinaonekana wazi. Kizikeni sentimita 5 chini ya usawa wa udongo. Kikibaki juu, upepo huutikisa mmea na maotea ya mizizi huongezeka. Kikizikwa, mmea hukaa imara, na kwa miaka baadhi ya matawi yake hutoa mizizi yake yenyewe. Tandaza mizizi isijikunje, rudisha udongo, kanyaga kwa kisigino taratibu ukizunguka, halafu mwaga ndoo nzima ya lita 10 hata kama mvua inanyesha. Maji hayo kazi yake ni kuziba matundu ya hewa kuzunguka mizizi.

Mche mmoja wa Munstead Wood unaweza kuonekana mwembamba. Mwenye nafasi apande mitatu kwa pembetatu, sentimita 45 kati ya mmoja na mwingine. Itakutana na kuwa kichaka kimoja, na harufu yake itafika njiani bila mtu kuinama. Asiye na ardhi atumie chungu cha sentimita 45 kwa upana na kina, chenye udongo mzito na si mboji tupu, kwa sababu mboji tupu hukauka haraka na ikishakauka haikubali maji tena kirahisi.

Maji ndiyo mwanzo wa harufu. Mmea wenye kiu hutoa ua dogo, lenye petali chache, linalofunguka na kuanguka kwa siku moja, na hakuna mafuta ya harufu ya kutosha ndani yake. Lita 5 kwa kila mche kwa kila mara, kwenye udongo, si juu ya majani. Kiangazi cha kwanza, wiki isiyo na mvua inataka mara mbili au tatu. Kidogokidogo kila jioni ni kuudanganya mmea: maji yanaishia juu, na mizizi inayafuata hukohuko juu.

Chakula ni mara mbili. Mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili majani yakichomoza, na mara ya pili baada ya awamu ya kwanza ya maua, mwisho wa Juni. Kipimo mfuate cha pakiti. Zaidi ya hapo, na hasa naitrojeni nyingi, mtapata matawi laini marefu yanayopendwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanyonya utomvu, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani. Baada ya katikati ya Agosti msilishe tena, maana tawi changa litakutwa na barafu.

Sasa ule ugonjwa. Madoa meusi, husababishwa na kuvu aitwaye Diplocarpon rosae. Mwaridi huu, kwa uzuri wake wote, hauna kinga kamili dhidi yake, na kwenye maeneo ya magharibi yenye mvua nyingi unaweza kupukutisha majani ya chini kufikia Agosti. Kuvu huyu huhitaji jani liwe limelowa mfululizo kwa saa saba hivi ndipo aingie. Jani linaloloa alfajiri likakauka kabla ya adhuhuri lina nafuu kubwa. Hapo ndipo mnaona kwa nini nimesisitiza jua la asubuhi, duara tupu la sentimita 40 na maji kumwagwa chini. Hayo yote ni kazi moja: kukausha majani.

Kuvu hupitisha majira ya baridi kwenye majani yaliyoanguka na kwenye makovu ya zambarau juu ya matawi. Kwa hiyo Novemba okoteni kila jani lililo chini ya mwaridi na msilitie kwenye lundo la mboji la nyumbani, kwani joto lake halitoshi kuua kuvu. Februari mkipogoa, kateni matawi yenye makovu. Kisha tandazeni samadi iliyooza au mboji, unene wa sentimita 7, mkiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze. Tandazo hilo hufunika mbegu za kuvu zilizobaki ili mvua ya Aprili isizirushe juu ya majani mapya. Jani la kwanza lenye doa Mei litoeni siku hiyohiyo. Lakini ugonjwa ukishaenea msiuvue mmea majani yote kwa hasira. Jani lenye madoa mawili bado linautengenezea mmea chakula. Dawa za kuvu zinazouzwa hukinga jani safi. Doa lililokwisha kutokea haliondoki.

Wasumbufu wengine ni wadogo. Vidukari hujazana kwenye matumba Mei. Wapanguseni kwa vidole au wapigeni kwa maji ya bomba, kisha subirini vile vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa mgongoni, wanaowala kwa mamia. Majani yaliyojikunja kama sigara ni kazi ya nyigu mdogo. Yakiwa machache myang'oe, yakiwa mengi myaache. Tumba lililogeuka donge la kahawia baada ya mvua halina ugonjwa: petali za nje zimelowa na kugandana. Ukiliwahi, uvunje ule utando wa nje kwa kidole, mara nyingine ua hufunguka.

Chipukizi likitoka ardhini mbali kidogo na shina, lenye kijani cha kupauka, chimbua ufuate lilipoanzia. Likiwa limetoka chini ya kifundo ni otea la Laxa. Ling'oe kwa kulivuta, usilikate. Ukilikata utaacha macho yaliyojificha chini yake na mwakani yatarudi matatu.

Kupogoa, kama nilivyoahidi, kwa ufupi. Mwisho wa Januari hadi Februari kwa walio kusini, Machi kwa walio kaskazini kwenye baridi zaidi. Toa kilichokufa, kilichoumia na kinachosuguana. Majira ya kwanza gusa kidogo tu. Ya pili punguza theluthi. Kuanzia ya tatu unaweza kufika nusu. Kata mshazari, milimita 5 juu ya jicho linalotazama nje. Msiukate hadi karibu na ardhi kila mwaka, kama inavyofanywa kwa miwaridi mingine. Ua la Munstead Wood ni zito, na kichaka kilichokatwa mno hutoa fito ndefu nyembamba zinazoinamisha ua usoni pa udongo. Matawi manene ya zamani ndiyo yanayolibeba. Miaka miwili ya kwanza litainama tu, vumilieni. Ua likinyauka, kata mpaka kwenye jani la kwanza lenye nguvu, na baada ya wiki sita hivi utapata jingine. Novemba fupisheni fito ndefu kwa theluthi ili upepo usiutikise mmea na kulegeza mizizi.

Na wa kupeleka ua ndani, hapa tujifunze kwa ndugu zetu wa Jabal Akhdar kule Omani, wanaovuna mawaridi ya marashi asubuhi na mapema, kabla jua halijakausha mafuta yake. Yale ni mawaridi mengine, ya waridi mpauko, lakini saa ya kukata ni ileile. Chagua ua ambalo petali za nje zimeachia na katikati bado imefumba. Lililofumba kabisa linaweza lisifunguke, na lililofunguka hadi vumbi la njano kuonekana limeshatoa nusu ya harufu yake. Kata, tia majini papo hapo, na uweke kwenye chumba chenye uvuguvugu lakini mbali na kipasha joto.

Mlioleta udongo wenu kwenye mifuko, uleteni hapa mbele tupime asidi. Tunatafuta pH ya karibu na 6.5. Atakayekutwa chini ya 5.5 nitamwelekeza kiasi cha chokaa, na atakayekutwa juu ya 7.5 tutazungumza habari ya chungu.